Kisima cha Lal Jan

Kikombe kilikuwa kitupu, na Dafroza akafurahi.

Alikuwa amekiacha kimejaa juu ya meza ndogo kando ya kitanda cha Mzee Painda, saa nne asubuhi, akaenda jikoni kukoroga uji. Aliporudi hakikuwa na hata tone. Mzee alikuwa anakataa maji tangu juzi, akifumba midomo kama mtoto anayekimbia dawa, kwa hiyo Dafroza alichukua fomu ya ejensi iliyomwajiri akaandika: maji, kikombe kimoja, amemaliza. Akakijaza tena. Saa sita kilikuwa kitupu. Saa nane kitupu. Akaandika vikombe vitatu, akampapasa mzee begani.

"Leo umenifurahisha, baba."

Saa tisa alimgeuza ili ambadilishe pampasi. Ilikuwa kavu, kavu vilevile kama alivyoitoa kwenye paketi asubuhi. Akaibonyeza kwa vidole, hakuamini. Kisha akabana ngozi ya mkono wa mzee kama walivyofundishwa, akaiachia. Ngozi ikabaki imesimama, mkunjo usiotaka kulala. Midomo ilikuwa imepasuka na damu imekaukia kwenye mipasuko. Mtu huyu hakuwa amekunywa maji yoyote.

Dafroza akatazama chini ya kitanda. Akapapasa zulia, mto, shuka. Hapakuwa na unyevu popote, na ndani ya nyumba walikuwamo wao wawili tu.

Mambo yalikuwa yameanza wiki mbili kabla, na yalianza kwa wema.

Dafroza alikuwa Mrundi aliyekulia kambi ya Mtabila, Tanzania, na tangu afike Buffalo, Marekani, alikuwa ametunza wazee kadhaa. Huyu alimpenda kuliko wote. Mzee Painda alikuwa amefundisha jiografia Kandahar miaka thelathini, na sasa, akiwa na miaka themanini na minne, kichwa chake kilikuwa kinamwaga kila kitu. Binti yake Spozhmai, ambaye alishinda kazini kwenye duka la dawa, mzee alimwita "bibi daktari." Dafroza naye aliitwa na mzee kwa majina ya dada zake mzee waliokwisha kufa. Lakini jambo moja lilikuwa halijamtoka: visima.

"Babu yangu Baz Gul alikwenda Australia na ngamia," alikuwa akisema, kwa kile Kiingereza chao cha wakimbizi ambacho kila mmoja alikivunja kwa namna yake na bado wakaelewana. "Kwa meli. Ngamia mia na ishirini, wanatapika baharini kama watu."

Wazungu walikuwa wanatafuta dhahabu katikati ya jangwa, na farasi wao walikuwa wanakufa. Wakaagiza ngamia, na pamoja na ngamia wakaagiza watu wa kuwaongoza: Waafghani, Wabaluchi, Wapunjabi, wote wakaitwa Waafghani kwa sababu hakuna aliyejali kuuliza. Watu hao walibeba unga, nyaya, mataruma ya reli, mara moja hata piano. Kila mahali walipopata maji waliacha jina, na jina lilikuwa jambo lililowapata hapo. Wenyeji wa jangwa lile walikuwa na majina yao ya tangu zamani, mzee alisema, na wao pia hawakuulizwa. Baz Gul aliyakariri majina yale kwa mpangilio wa safari, akamfundisha mwanawe, na Painda aliyajua kabla hajajua kusoma.

"Mshipi Uliokatika," alihesabu kwa vidole, macho yamefumba. "Ngamia Jike. Maji Machungu. Jiwe la Swala. Mti Mmoja. Kaburi la Mbwa." Hapo alikohoa, akapunga mkono kama anayefukuza nzi, akaendelea, "Birika. Kilima cha Baz Gul." Hicho cha mwisho kipo hata leo kwenye ramani, kimeandikwa vibaya, na Spozhmai aliwahi kumwonyesha Dafroza kwenye simu: kidoto cha kahawia katikati ya wekundu usio na barabara.

Dafroza aligundua kwamba kila siku, anapokohoa, mzee anaruka kimoja. Kwenye mafunzo ya ejensi walikuwa wameambiwa kwamba anayesahau asipewe jibu, aulizwe. Akamwuliza.

"Mzee, baada ya Kaburi la Mbwa kuna kipi?"

Mzee alikohoa. Kesho yake akamwuliza tena, na keshokutwa. Siku ya nne mzee alisahau kwamba hatakiwi kusema.

"Lal Jan," alisema, akatabasamu kwa meno yake mawili. "Kisima cha Lal Jan."

Dafroza akampigia makofi. Tangu hapo mzee hakukohoa tena. Alilitaja jina lile mara ishirini kwa siku, kwa furaha ya mtu aliyeokota alichopoteza.

Mchana wa siku ile ya nne theluji kutoka ziwani ilianguka hadi mabasi yakasimama, wakabaki wawili wakisubiri Spozhmai. Mzee alipata moja ya zile dakika zake za uangavu. Akamtazama Dafroza sawasawa, akauliza, "Na wewe, kwenu nani alibaki nyuma?"

Hakuna mtu Marekani aliyewahi kumwuliza hivyo. Dafroza akaketi ukingoni mwa kitanda, akasimulia. Walipokimbia Burundi, kaka yake Gaudiosi alikuwa na miaka ishirini na miwili, akibeba ndizi kwa baiskeli, na yeye peke yake ndiye aliyemwita Dafo. Karibu na mto Malagarasi alivunjika mguu. Milio ya bunduki ilikuwa nyuma yao. Mama akamficha ndani ya matete, akamwachia kibuyu cha maji, akamwambia, "Tutarudi jioni." Hawakurudi. Miaka yote mama alikataa misa ya marehemu, akisema mtu aliye hai haombewi kama maiti. Dafroza alilia akisimulia, na kila mara alipolia alilitaja jina: Gaudiosi, Gaudiosi wetu.

Siku chache baadaye vikombe vikaanza kukauka.

Alhamisi aliamua kukaa na kukilinda kikombe. Aliketi kwenye kiti, mikono mapajani, macho juu ya maji. Nje kulikuwa na mwanga mweupe wa theluji. Mtu alikuwa anasukuma sepeto barabarani. Saa nzima ilipita na maji hayakupungua. Kisha akasikia bomba la bafuni likifunguka.

Alisikia maji yakitoka kwa nguvu. Lakini hakusikia yakigonga sinki. Badala yake alisikia koo. Gu, gu, gu, polepole, bila kupumzika kupumua, kama ng'ombe anavyokunywa baada ya siku nzima ya jua, na harufu ikatambaa hadi chumbani: sufu iliyolowa, mafuta ya mnyama, vumbi lililopikwa na joto.

"Amekuja?" mzee alinong'ona.

"Nani, baba?"

"Usiseme nani." Mzee alikuwa amevuta blanketi hadi kidevuni. "Ukiuliza nani, anaitika."

Dafroza alijikaza, akaenda, akausukuma mlango wa bafu. Bomba lilikuwa wazi, likitoa hewa tu. Sinki lilikuwa kavu, na chini yake, kuzunguka tundu, palikuwa na mchanga mwembamba, mwekundu, wa kujaa kiganja. Alipougusa ulikuwa moto.

Hakumwambia mtu. Angesema nini? Ijumaa alirudi kazini na rozari mfukoni. Saa nane mchana, akiwa anamfuta mzee uso kwa kitambaa chenye maji ambacho kilikauka mkononi mwake kabla hajamaliza shavu la pili, sauti ilitoka nyuma ya mlango wa bafu, sauti ya mtu aliyekaukiwa hadi ulimi unagonga kama kipande cha mti, na ilisema kwa Kirundi, "Dafo."

Hakugeuka.

"Dafo. Kibuyu kimeisha. Mama alisema mtarudi jioni."

Alikimbia. Alishuka ngazi bila koti, bila viatu, akasimama kwenye theluji na soksi, akitetemeka hadi meno yakagongana. Na kwa sababu mtu aliyeogopa humtafuta mama yake, alitoa simu akampigia mama, aliyekuwa akiishi Louisville, mtaa wa Newburg, na Angelika, mdogo wake Dafroza.

"Mama, nimesikia sauti. Ya Gaudiosi. Kwenye nyumba ya mzee."

Kisha mama akasema, kwa sauti aliyokuwa nayo zamani, kabla ya kambi, sauti ya mwanamke kijana, "Alisema nini?"

"Mama, si yeye. Nakuambia si yeye."

"Alisema nini, mwanangu?"

"Alisema ulimwambia mtarudi jioni."

"Nani mwingine anajua hilo?" mama alisema. Sasa alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. "Dafroza, nani mwingine anajua hilo? Nilijua. Gaudiosi! Gaudiosi wangu!"

Dafroza alikata simu. Moyo ulimwambia amefanya jambo baya, lakini alikuwa hajui ni lipi. Kisha akapanda ngazi tena, kwa sababu juu kulikuwa na mzee aliyeachwa peke yake, na huyo hakuweza kukimbia.

Jioni mume wake Aloisi alimsikiliza hadi mwisho. Alikuwa mtu wa ghala, wa kuamini anachokiinua kwa mikono, lakini aliiona miguu yake iliyovimba kwa baridi.

"Mama Irakoze, acha kazi hiyo. Kesho usiende."

"Nikiacha wataleta mwingine. Atajaza fomu kama nilivyojaza mimi: amekunywa, amekunywa, amekunywa. Hadi siku atakayomkuta amekauka."

"Si baba yako."

"Najua."

Jumamosi Spozhmai alikuja mwenyewe, akapanda hadi mlangoni kwa Dafroza na theluji kichwani. Alikuwa amempeleka baba yake hospitali. Walimtundikia dripu; mfuko uliisha kwa dakika kumi, nesi akadhani umevuja, akatundika mwingine, nao ukaisha. Mishipa ya mzee ilibaki imelala vilevile. Walimrudisha nyumbani wakiwa wameandika kwamba ni uzee.

Aliketi, hakuvua koti. "Dada Dafroza, niambie ukweli. Baba ametaja kisima cha saba?"

"Ametaja. Mimi ndiye niliyemwuliza."

Spozhmai alifunika uso. Alipoanza kusema alisema taratibu, akitazama mlango.

Lal Jan alikuwa shemeji wa Baz Gul, kaka wa mkewe. Waliongozana jangwani miaka mitano. Kwenye kisima cha saba wenyeji waliwaambia wasilale pale, na Baz Gul hakuuliza kwa nini. Usiku Lal Jan akashikwa na homa. Kisima kilikuwa kinatoa ndoo moja kwa siku, na ngamia walikuwa thelathini, wamebeba mizigo ya watu. Alfajiri Baz Gul akamwachia kiriba kimoja cha maji, akamwambia, "Baada ya siku nne nitarudi." Alipofika mwisho wa safari alipewa mzigo mwingine wa kwenda upande mwingine, akaupokea. Alipita tena pale baada ya miezi minane. Akasimama mbali, akaita, "Lal Jan!"

"Na ndani ya kisima," Spozhmai alisema, "sauti ikaitika."

"Alikuwa hai?"

"Miezi minane, dada? Babu wa baba yangu aliona mifupa juu ya mchanga kwa macho yake, na kiriba kando yake. Lal Jan alikufa. Kitu kilichokuwa kisimani kabla yake ndicho kilichojifunza kuitika." Alijifunga koti vizuri. "Baadaye wapimaji wakaja kuchora ramani, wakamwuliza Baz Gul jina la pale. Aibu ikamshika, akasema Lal Jan. Likaandikwa. Alidhani anamlipa. Kumbe amekipa kile kitu jina la kuitwa nalo. Aliporudi Kandahar alilitaja mara moja tu mbele ya mkewe, kwa majonzi. Mkewe alikufa kwa kiu, na kata ya maji ikiwa mkononi. Tangu hapo tukafundishwa kukohoa."

Dafroza akamweleza kuhusu Gaudiosi. Spozhmai aliposikia jina la pili, alisimama.

"Kuna mtu mmoja," alisema.

Mtu huyo alikuwa Shehe Mkomwa, Mzigua kutoka Somalia aliyekaa kambi ya Kakuma miaka mingi na aliyeosha maiti za Waislamu wa mtaa wa West Side, Waafghani kwa Waarabu kwa Waburma. Alikuja Jumatatu, baada ya adhuhuri, mwembamba, na kofia ya sufu ya kuzuia baridi chini ya ile ya swala. Dafroza alishangaa kumsikia akimsalimu kwa Kiswahili.

"Hujambo, mama. Wewe ni Mkristo?"

"Mkatoliki, shehe."

"Baki na rozari yako. Leo tunahitaji kila mtu asimame alipozoea kusimama." Akanusa hewa. Akaenda bafuni, akatazama mchanga, akarudi akaketi karibu na mzee, akamshika mkono. "Mimi sipigi majini kwa fimbo, wala sina ubani wa kuuza. Kitu hiki kina nguvu moja tu: kinashikilia jina la maiti ambaye hakuswaliwa. Tutamswalia Lal Jan leo, swala ya maiti aliye mbali. Akishakuwa marehemu kwa haki yake, jina litakuwa lake, na hiki hakitakuwa na cha kuitikia. Lakini kwanza mtu wa damu ya Baz Gul lazima akiri. Hatuwezi kumzika mtu na huku tunamdanganya kwamba tunarudi."

"Baba hajui leo ni siku gani," Spozhmai alinong'ona.

"Tutaona anachojua."

Akamgeukia Dafroza. "Na wewe, lolote utakalosikia, usiitike. Hata kwa kuguna. Kinajua yale tu uliyoyasema humu ndani. Kumbuka hilo."

Spozhmai alimwinamia baba yake, akamsemesha kwa Kipashto, kwa muda mrefu, midomo ikigusa sikio. Mzee alitikisa kichwa. Shehe akasimama kuelekea kibla, na hapo hapo mabomba yote ya nyumba yakafunguka.

La jikoni, la bafuni, la beseni la kuogea, yote yalinguruma, na hakuna tone lililogonga chini, ila koo lile tu, gu, gu, gu, likizidi na kukaribia, na joto likapanda chumbani hadi barafu ya dirishani ikateremka kama machozi na kukauka kabla haijafika kwenye fremu, na harufu ya ngamia ikajaa hadi Dafroza akahisi sufu mdomoni mwake, na nyayo, nyayo laini nzito za mnyama mkubwa na nyuma yake nyayo za mtu anayeburuta mguu, zikatoka bafuni zikaja kwenye korido, zikasimama nje ya mlango wa chumba, ambao haukuwa umefungwa kwa ufunguo, ambao Dafroza peke yake ndiye aliyekuwa karibu nao.

"Baz Gul," sauti ilisema kwa Kipashto; Dafroza alilijua jina tu.

Mzee alianza kulia bila machozi.

"Dafo," sauti ilisema, sasa kwa Kirundi, sasa karibu na tundu la ufunguo, na haikuwa tena kavu bali ya kijana, yenye kicheko ndani yake, kama alipokuwa akimbeba kwenye baiskeli juu ya ndizi. "Usiwasikilize. Hao wanafukuza kitu kingine, mimi si hicho, mimi niliingia humu nikikufuata wewe, mguu wangu umepona vibaya, tazama, fungua kidogo tu, Dafo, useme tu kwamba upo, nikisikia upo nitaondoka, miaka yote nimekaa kwenye matete nikisema Dafo atakuja na mama, atanisikia, ataitika."

Dafroza aliuma mkono wake mwenyewe. Alihisi ladha ya damu, na ilikuwa kitu pekee chenye unyevu mle ndani. Kila mfupa wake ulitaka kusema ndiyo, nipo, tusamehe. Kitasa kilianza kugeuka. Akakishika kwa mkono mwingine, kikamuunguza, akakishika hivyohivyo, akisali moyoni maneno ambayo hayakufika mwisho.

Ndipo mzee akaketi. Mtu ambaye miezi miwili hakuweza kujigeuza, aliketi mwenyewe kitandani, akasema kwa sauti ya mwalimu mbele ya darasa. Spozhmai alimtafsiria Dafroza baadaye. Alisema: "Lal Jan, mwana wa Sher Dil, sikiliza. Hatukurudi. Tuliupokea mzigo mwingine. Tulijua njia, tulikuwa na ngamia, na hatukurudi. Hakuna anayekuja kukuchukua. Umekufa, ndugu yangu, na kosa ni letu."

Mkono uliokuwa upande wa pili wa kitasa ukalegea.

"Allahu akbar," Shehe Mkomwa alisema, na Spozhmai nyuma yake. Kwenye takbira ya kwanza kitu kilipiga mlango. Mara ya pili kilipiga chini, karibu na sakafu. Mara ya tatu Dafroza alisikia kilio cha ngamia, kile cha kugoma kuinuka, kikienda mbali, mbali kuliko urefu wa korido ile, mbali kuliko barabara. Mara ya nne hapakuwa na kitu. Shehe akatoa salamu kulia.

Maji yakagonga sinki. Yalitoka mekundu, kisha ya kahawia, kisha meupe, na nyumba nzima ikajaa mlio wake wa kawaida. Spozhmai alikimbia na kikombe. Mzee Painda alikunywa, akadai kingine, akanywa, maji yakimtiririka kidevuni hadi kifuani. Saa moja baadaye Dafroza alimbadilisha pampasi iliyolowa chepechepe, akaishika mkononi akalia kama aliyepewa mtoto.

"Dafroza," mzee alimwambia. Mara ya kwanza kulitaja jina lake. Akalala.

Shehe alimkuta Dafroza kwenye ngazi akijifunga kitambaa kwenye kiganja kilichoungua.

"Mama, cha kwao kimekwisha. Jina lao kimelinyang'anywa. Lakini nilikisikia mlangoni kikisema na wewe, na sauti hiyo ya kaka yako haikuondoka kwa kilio kama ile ya Lal Jan. Ilinyamaza tu." Alimtazama. "Hilo jina la kaka yako, nani mwingine amelitaja baada ya kukisikia?"

Dafroza akaacha kufunga kitambaa.

"Mama yangu. Lakini yuko Louisville. Ni mbali sana, shehe. Ni mwendo wa saa tisa kwa gari."

"Kutoka Australia hadi hapa ni mwendo wa saa ngapi?" Shehe alisema polepole. "Nenda kwa padri wako leo. Msomeeni kaka yako misa ya marehemu, na mama yako aseme kwa mdomo wake kwamba hamkurudi. Asimwite. Mwambie sasa hivi, asimwite tena."

Alipiga simu palepale, amesimama kwenye ngazi. Ilikuwa karibu saa kumi, saa ambayo Angelika bado yuko kazini na mama yuko peke yake. Simu iliita mara nyingi. Kisha mama akapokea, akihema, kama mtu aliyekuwa akikimbia huku na huku jikoni.

"Mama, nisikilize kwanza. Kuhusu Gaudiosi. Nataka tumwombee misa. Misa ya marehemu, mama. Na wewe usimtaje jina, usimwite tena, tafadhali."

"Marehemu gani?" mama alisema. Sauti yake ilijaa furaha hadi Dafroza hakuweza kuivumilia. "Dafroza, amekuja! Nilimwita tangu Ijumaa, leo mchana akaitika. Amekaa hapa mezani. Amekonda, masikini, amevunjika mguu, lakini anakunywa vizuri. Ndoo nzima mwanangu, na bado anaomba."

"Mama, toka nje. Toka sasa hivi."

"Ngoja, anauliza kama ni wewe."

Dafroza alisikia kikombe kikitua mezani. Kisha simu ikachukuliwa na mkono mwingine.